Kwa nini mateso ya mtoto mkimbizi hayaishii mpakani?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka jana nilimpokea darasani mvulana wa miaka 12 aliyekimbia vita, ambaye sasa anaishi na mjomba wake. Wazazi wake hawajulikani walipo. Naona ana akili, lakini husinzia darasani, karibu haongei kabisa, na siku nyingine haji kwa sababu amemsindikiza mjomba wake ofisini. Walimu wenzangu husema watoto husahau upesi, na kwamba kwa kuwa amefika mahali salama shida zake zimekwisha. Mimi sioni hivyo. Ni matatizo gani hasa yanayowakabili watoto wahamiaji na wakimbizi, kwa nini hayaishi wanapofika, na mimi nifanye nini?

Jibu: Mwalimu, nakushukuru kwa kuuliza, na hasa kwa kutoridhika na jibu jepesi ulilopewa. Wenzako hawana nia mbaya; kauli kwamba watoto husahau upesi husikika hata katika ofisi ambazo kazi yake ni kuwahudumia watoto hao. Inatokana na kuitazama safari ya mtoto kama mto wenye kingo mbili, ng'ambo ile hatari na ng'ambo hii usalama, na akishavuka basi yamekwisha. Miaka niliyofanya kazi ya ulinzi wa watoto imenionyesha kwamba mtazamo huo ndio unaozaa makosa mengi tunayowatendea. Hatari za njiani ni kubwa na nitazieleza, lakini kinachowaumiza watoto walio wengi, tena kwa muda mrefu zaidi, ni kungojeshwa: kungojeshwa cheti, kungojeshwa uamuzi wa maombi ya hifadhi, kungojeshwa nafasi ya shule, kungojeshwa habari za mama. Mtu mzima aliyengojeshwa miaka minne ameipoteza miaka minne ya maisha yake, nayo si haba. Mtoto aliyengojeshwa tangu ana miaka 6 hadi anafikisha 10 ameupoteza umri wa kujifunza kusoma na kuandika, umri wa kujenga urafiki wa kwanza na wa kuamini kwamba watu wazima hutimiza wanachoahidi. Kila tatizo nitakalolitaja hapa ni zito lenyewe, lakini linakuwa zito maradufu kwa sababu linaula muda wa mtu ambaye muda wake ndio unaomjenga.

Kwanza tuweke maneno mahali pake, kwa kuwa sheria huyatofautisha na tofauti hiyo huamua mtoto atapata nini. Kwa Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, pamoja na Itifaki yake ya mwaka 1967, mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya kabila au rangi yake, dini, utaifa, kundi la kijamii analotoka au maoni yake ya kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 uliipanua maana hiyo hadi kumjumuisha anayekimbia vita, uvamizi wa kigeni na vurugu zinazovuruga amani ya umma. Mhamiaji, kwa upande wake, ni neno pana la yeyote aliyehama, awe ametafuta kazi, amewafuata jamaa, au ameuhama ukame uliomaliza mifugo ya nyumbani. Katika maisha halisi mstari huo hukatika mara nyingi: mtoto mmoja anaweza kuwa ameondoka kwa vita, akafanya kazi katika nchi ya pili, akaendelea hadi ya tatu kwa sababu ya njaa. Ndiyo maana mimi hupenda kuanza na Mkataba wa Haki za Mtoto uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989, ambao umeridhiwa na karibu kila nchi duniani isipokuwa Marekani, iliyotia saini bila kuuridhia. Mkataba huo haumwulizi mtoto amekuja kwa njia gani. Kila mtoto aliye chini ya mamlaka ya nchi fulani ana haki zake zote hapo alipo, akiwa na karatasi au hana, na ibara ya 22 inamtaja mtoto mkimbizi moja kwa moja, pamoja na wajibu wa nchi kushiriki katika kuwatafuta wazazi wake.

Ukubwa wa jambo hili hauonekani darasani kwako, ambako yupo mmoja. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilihesabu watu milioni 123.2 waliokuwa wamelazimika kuyahama makazi yao kufikia mwisho wa mwaka 2024, wakiwemo waliobaki ndani ya mipaka ya nchi zao, na takriban asilimia 40 yao walikuwa watoto, ingawa watoto si zaidi ya theluthi moja ya watu wote duniani. Kati ya mwaka 2018 na 2023 walizaliwa kwa wastani watoto 339,000 kila mwaka wakiwa tayari wakimbizi. Hao hawakuvuka mpaka wowote kwa miguu yao, wala hawana safari ya kuisahau. Kama shida ingekuwa safari peke yake, watoto hao wasingekuwa na shida, na sisi tunaofanya kazi hii tunajua kwamba wanayo.

Nizungumzie njia kwa kifupi. Katika msitu wa Darién, kati ya Kolombia na Panama, watu zaidi ya 520,000 walipita mwaka 2023, na zaidi ya 100,000 kati yao walikuwa watoto. Ni mahali pasipo na barabara, penye mito inayofurika ghafla na magenge yanayopora na kubaka. Bahari ya Mediterania na Jangwa la Sahara zina simulizi zao. Anayewavusha watu hulipwa, na asiye na fedha huvushwa kwa deni, na hapo ndipo mtoto huingia katika mikono asiyoweza kujinasua. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, inayopinga usafirishaji haramu wa binadamu, inatamka jambo ambalo ningependa kila mwalimu alijue: kwa mtu mzima ni lazima ithibitike kwamba alidanganywa, alilazimishwa au hali yake dhaifu ilitumiwa vibaya, lakini kwa mtoto inatosha kwamba alichukuliwa kwa lengo la kunyonywa. Kauli ya kwamba "alikubali mwenyewe" haina uzito wowote. Na hatari hiyo haiishii njiani, kwa maana watoto wengi hupotea baada ya kufika. Januari 2016 polisi wa Umoja wa Ulaya, Europol, walieleza kwamba watoto wapatao 10,000 waliofika Ulaya bila wazazi hawakujulikana tena walipo. Si wote waliotekwa. Wengine walitoroka makazi waliyowekwa kwa sababu walichoka kungoja kupelekwa kwa ndugu ambaye anuani yake waliikariri kichwani, wakaamua kumfuata wenyewe.

Mwanafunzi wako anaangukia kundi ambalo sisi tunaliita watoto waliotenganishwa, yaani mtoto aliye mbali na wazazi wake lakini yuko na ndugu mwingine mtu mzima. Anatofautiana na mtoto asiye na mtu mzima yeyote. Tofauti hiyo ina faida na ina mtego wake. Faida ni dhahiri: ana damu yake karibu, mtu anayeijua lugha yake na majina ya wazee wake. Mtego ni kwamba kwa kuwa mtu mzima yupo, ofisi huona kazi imekwisha, na hakuna anayeuliza kama mjomba huyo ametambuliwa kisheria kuwa mlezi, kama anaweza kutia saini mtoto akihitaji upasuaji, au kama naye ana uwezo wa kulea. Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa, inayofuatilia utekelezaji wa Mkataba wa Haki za Mtoto, katika maoni yake ya jumla namba 6 ya mwaka 2005, ilisema kwamba mtoto asiye na wazazi apewe mlezi wa kisheria mara tu anapotambuliwa, na kwamba ndugu wanaoandamana naye wafikiriwe kwanza iwapo hakuna dalili kwamba hilo litamdhuru. Katika nchi nyingi hatua hiyo haichukuliwi hadi litokee tatizo. Sisemi haya ili umshuku mjomba wa kijana huyu. Walezi wa aina yake wanabeba mzigo ambao hawakuuomba, nao aghalabu ni vijana waliopoteza jamaa vilevile, na msaada wa kwanza wanaouhitaji ni karatasi inayoonyesha kwamba wao ndio walezi.

Kuhusu wazazi wasiojulikana walipo, ipo kazi ya zamani na yenye heshima ya kuwatafuta, inayofanywa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu pamoja na vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu katika nchi husika. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994 walisajiliwa zaidi ya watoto 100,000 waliopoteana na familia zao, na kwa wale wadogo wasiojua hata majina ya wazazi wao zilitumika picha zilizobandikwa mahali ambapo watu wangeweza kuzitazama. Makumi ya maelfu walirudishwa kwa jamaa zao. Ninalolitilia mkazo ni kwamba kazi hiyo hutegemea kumbukumbu, na kumbukumbu ya mtoto hufifia. Jina la utani la bibi, mti uliokuwa mbele ya nyumba, jina la mwalimu wa kwanza, wimbo uliokuwa ukiimbwa kijijini, yote hayo ni vielelezo, na mtoto aliyehojiwa ndani ya mwezi wa kwanza hutoa vielelezo vingi kuliko aliyehojiwa baada ya miaka mitatu.

Hata wazazi wakipatikana, kungoja kunaanza upya. Ibara ya 10 ya Mkataba wa Haki za Mtoto inataka maombi ya kuunganisha familia yashughulikiwe kwa nia njema, kwa utu na kwa haraka. Neno hilo "kwa haraka" ndilo linalopuuzwa. Nchi nyingi zinamruhusu mtoto aliyepewa hadhi ya ukimbizi kuwaleta wazazi wake iwapo tu bado ni mtoto, na maombi yanaweza kukaa mezani hadi anatimiza miaka 18, kisha akaambiwa kwamba yeye si mtoto tena na kwa hiyo haki hiyo hana. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilizuia ukatili huo katika hukumu ya tarehe 12 Aprili 2018, ikitamka kwamba aliyeomba hifadhi akiwa mtoto habadiliki kuwa mtu mzima kwa kuwa ofisi ilichelewa. Hukumu hiyo inazifunga nchi za Umoja wa Ulaya, na kwingineko watoto wengi bado wanazeeshwa na mafaili.

Umri wenyewe ni uwanja wa mapambano. Mtoto ambaye kuzaliwa kwake hakukuandikwa popote, au aliyepoteza cheti chake njiani, anaweza kuambiwa kwamba ni mtu mzima kwa kuwa ana ndevu au uso uliokomaa kwa taabu. Baadhi ya nchi hupiga picha ya eksirei ya mifupa ya kiganja na kifundo cha mkono na kuilinganisha na michoro ya kitabu kilichotokana na watoto wa Marekani wenye asili ya Ulaya waliopigwa picha katika miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940. Njia hiyo ilibuniwa kuwasaidia madaktari wa watoto kufuatilia ukuaji, na inaweza kukosea kwa miaka miwili au zaidi; kuitumia kumtofautisha mwenye miaka 17 na mwenye 18 ni kuitwika isichokiweza. Msimamo wa Kamati ya Haki za Mtoto ni kwamba penye shaka, mhusika achukuliwe kuwa mtoto. Anayehesabiwa kimakosa kuwa mtu mzima hupoteza kwa siku moja mlezi, shule na makazi ya watoto, na anaweza kulazwa chumba kimoja na wanaume wasiomfahamu.

Tena wapo wasio na uraia wowote. Zaidi ya nchi 20 bado hazimruhusu mama kumrithisha mtoto uraia kwa usawa na baba, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa uhamishoni na baba aliyefariki au aliyepotea vitani anaweza kukosa nchi ya kuiita yake. Ibara ya 7 ya Mkataba wa Haki za Mtoto inataka mtoto asajiliwe mara tu anapozaliwa, na Mkataba wa mwaka 1961 wa Kupunguza Hali ya Kutokuwa na Uraia unataka mtoto ambaye angekosa uraia apewe ule wa nchi alikozaliwa. Jambo hili linawezekana pakiwa na nia. Agosti 2019 Kolombia iliamua kuwatambua kuwa raia watoto zaidi ya 24,000 waliozaliwa humo kwa wazazi kutoka Venezuela, ambao vyeti vyao vya kuzaliwa vilikuwa vimeandikwa kwamba si ushahidi wa uraia. Lilihitajika tamko la serikali na mabadiliko ya maandishi kwenye vyeti.

Kuhusu kuwafungia watoto, nitasema machache kwa kuwa sioni cha kujadiliana. Utafiti wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2019 kuhusu watoto walionyimwa uhuru ulikadiria kwamba watoto wasiopungua 330,000 huzuiliwa kila mwaka kwa sababu za uhamiaji pekee. Ibara ya 37 ya Mkataba wa Haki za Mtoto inasema kumzuilia mtoto kuwe hatua ya mwisho na kwa muda mfupi kabisa unaofaa, na mwaka 2017 kamati mbili za Umoja wa Mataifa, ile ya haki za mtoto na ile ya wafanyakazi wahamiaji, zilikwenda mbele zaidi na kutamka kwamba kumfungia mtoto kwa sababu ya hali yake au ya wazazi wake ya uhamiaji hakuwi kamwe kwa maslahi yake. Meksiko ilibadili sheria zake mwaka 2020 ili kukataza jambo hilo. Hata siku chache ndani ya seli huonekana katika usingizi wa mtoto na katika namna anavyowaogopa watu wenye sare.

Sasa tuje shuleni, uwanja wako. Takwimu za UNHCR zilizotolewa mwaka 2024 zilionyesha kwamba kati ya wakimbizi milioni 14.8 wenye umri wa kwenda shule, milioni 7.2 hawakuwa shuleni. Viwango vya uandikishaji vilikuwa asilimia 65 kwa shule za msingi, 42 kwa sekondari na 7 kwa elimu ya juu. Ukitazama namba hizo zinavyoshuka utaona mahali ambapo umri unawakatia watoto njia: anayefika akiwa na miaka 13 bila kujua lugha ya kufundishia huwekwa na watoto wa miaka 8, huona aibu, huacha. Mvulana hutafuta kibarua ili alipe deni la safari au achangie kodi ya nyumba. Msichana hubaki kutunza wadogo zake, au huozwa na wazazi wanaoamini kwa dhati kwamba mume atamlinda kuliko wao wanavyoweza. Mara nyingine kikwazo ni kidogo mno kiasi cha kuudhi, kama vile shule kudai cheti cha darasa lililotangulia kutoka kwa shule iliyoteketezwa kwa moto.

Lugha inastahili maneno zaidi, kwa sababu naamini inaeleza sehemu ya ukimya wa kijana wako. Jim Cummins wa Chuo Kikuu cha Toronto alionyesha tangu zamani tofauti kati ya lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo: mtoto anaweza kuzungumza na wenzake uwanjani baada ya takriban miaka miwili, lakini kuufikia uwezo wa wenzake katika lugha ya vitabu na mitihani humchukua kwa kawaida kati ya miaka 5 na 7. Isitoshe, watoto wengi wanaojifunza lugha mpya hupitia kipindi cha kunyamaza, wakisikiliza na kukusanya maneno, wakiogopa kuchekwa. Mwaka mmoja wa ukimya si dalili ya uzito wa akili, na umefanya vyema kuuona uwezo wake pamoja na kimya hicho. Mruhusu aandike kwanza kwa lugha yake pale anapoweza, hata kama huwezi kuisoma. Anayefikiri kwa lugha anayoimiliki hujifunza ile ya pili kwa urahisi zaidi, na daftari lenye maandishi yake humkumbusha kwamba kabla ya kuwa mgeni hapo alikuwa mwanafunzi mahali fulani.

Usingizi wa darasani huenda una maelezo mengine. Mtoto aliyeishi penye milio ya risasi hujifunza kulala kwa tahadhari, na mwili wake huendelea hivyo hata pasipo na risasi: hushtuka usiku, huota ndoto za kutisha, huogopa giza, kisha mchana, penye mwanga na watu anaowaamini, usingizi humchukua. Darasa lako, kwa maneno mengine, huenda ndilo mahali ambapo anajisikia salama kiasi cha kulala. Wadogo zaidi huonyesha hali hii kwa kurudia kukojoa kitandani au kuacha kusema maneno waliyokwisha kuyajua. Wakubwa hujitenga, hukasirika ghafla, au hushindwa kukumbuka walichofundishwa jana. Hayo hayamaanishi kwamba kila mtoto mkimbizi ni mgonjwa. Wengi hupona bila dawa maisha yanapotulia. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2012 kuhusu watoto waliohamia nchi tajiri yalionyesha kwamba ukatili waliokutana nao ni chanzo kikubwa cha matatizo ya akili, na kwamba makazi yaliyotulia pamoja na watu wa kuwashika mkono huwasaidia sana. Hapa narudi kwa wenzako wanaosema watoto husahau. Mtoto hasahau kwa sababu amefika. Hutulia akishajua kwamba hatahamishwa tena. Anayelala kila usiku bila kujua kama barua ya kesho itawaondoa nchini hajafika bado, hata kama ramani inasema amefika.

Unauliza ufanye nini. Usimhoji kuhusu vita, wala usimpe zoezi la kuandika safari yake mbele ya darasa, hata kwa nia ya kuwafundisha wenzake huruma. Akitaka kusema atachagua siku na mtu. Siku hiyo msikilize hadi mwisho bila kumwahidi usichoweza. Mwandikie ratiba ya kila siku ubaoni na umjulishe mapema kunapokuwa na badiliko, zoezi la zimamoto au mgeni mwenye sare. Mketishe pale anapouona mlango, karibu na mwenzake mmoja mpole, kwani rafiki mmoja humfaa kuliko darasa zima la wafadhili. Usingizi ukiendelea kwa miezi, akipungua uzito, au akisema lolote kuhusu kutotaka kuishi, mfikishe kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Kisha mwite mjomba kwa mazungumzo ya heshima, umwulize mambo mawili: kama ana hati ya ulezi, na kama wameshajiandikisha kwa Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu kuwatafuta wazazi. Kama bado, mwombe asikawie, na kabla ya hapo kijana aandike au achore kila anachokikumbuka cha nyumbani, akiwa na mjomba wake pembeni, ikiwa mwenyewe yuko tayari. Picha yake isiwekwe mtandaoni kwa matumaini ya kumpata mama. Wanaowinda watoto wasio na wazazi nao wanazitazama picha hizo, na familia iliyobaki kule inaweza kuhatarishwa nazo.

Limebaki moja ambalo uliligusia kama jambo dogo, nami naliona kubwa, nalo ni zile siku ambazo kijana huyu haji shuleni kwa kuwa amemsindikiza mjomba wake. Nina hakika kwa sehemu kubwa kwamba anakwenda kumtafsiria. Watoto hujifunza lugha mpya kabla ya watu wazima, na familia nyingi za wahamiaji humtumia mtoto kuwa ulimi wao hospitalini, kwa mwenye nyumba, na mbele ya afisa wa uhamiaji. Ipo fahari ndani yake, na mtoto anayesaidia nyumbani hajadhurika kwa hilo peke yake. Lakini mvulana wa miaka 12 anayetafsiri maelezo ya mjomba wake kuhusu namna ndugu zao walivyouawa anayasikia mara mbili, mara moja kwa kila lugha, kisha akikosea neno na maombi yakakataliwa ataamini maisha yake yote kwamba yeye ndiye aliyewaponza. Anakuwa mzazi wa mlezi wake, huku hesabu na sarufi zikimpita. Ofisi ya uhamiaji, kama ilivyo hospitali, inapaswa kumtafuta mkalimani mtu mzima, na mara nyingi haifanyi hivyo kwa kuwa mtoto ameshaketi pale na hagharimu kitu. Barua ya shule ina nguvu hapa kuliko maombi ya mjomba mwenyewe. Andika kwa utaratibu kwamba mwanafunzi huyu anakosa masomo kwa kutumiwa kama mkalimani, taja tarehe alizokosa, omba mkalimani aliyefunzwa kwa miadi inayofuata, na mkuu wa shule atie saini. Mweleze mjomba kabla ya kuituma, ili asidhani anashtakiwa, kisha mweleze na kijana kwa maneno machache anayoyaelewa kwamba siku hiyo atakuwepo mtu mwingine wa kuzungumza kwa niaba ya mjomba, na kwamba yeye anatakiwa darasani.